Mkono Usiorudishwa

Kosa la Zenaida lilikuwa kulisema kwa furaha jambo ambalo halikupaswa kusemwa kabisa jikoni mle.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda kwa Doña Eufemia, mama wa mchumba wake Leocadio, akikanda unga wa mahindi na kujitahidi asiaibike. Tangu afike San Isidro la Peña kutoka chuo kikuu huko Puebla, jambo moja lilikuwa limemshinda: kumfanya mama huyu atabasamu. Alishamsifia supu, akamsifia mbuzi, akamsifia hata yule jogoo mwenye chongo anayewika saa zisizoeleweka. Yote yaligonga mwamba. Asubuhi hii alidhani amepata zawadi isiyokataliwa.

"Doña Eufemia, nimeshapata jina la ile kaktasi ya kilimani."

Mama hakugeuka. Alikuwa akiosha mahindi yaliyolala kwenye maji ya chokaa, akiyafikicha mpaka maganda yanabanduka. Ndoo ya chokaa ilikuwa miguuni pake, pale ilipokuwa siku zote.

"Jina si inalo? Sisi tunaiita Mgeni."

"Hilo ni la hapa nyumbani. Kwenye vitabu haimo. Nimeilinganisha na kaktasi ndefu zote za bonde hili, mama, hakuna inayofanana nayo. Mbavu zake ni chache na pana. Miiba yake inapukutika ikizeeka. Ua lake lina manyoya ya dhahabu shingoni, utadhani limevaa skafu. Profesa wangu bado anabisha, anasema huenda ni chotara tu. Lakini mimi najua ni aina mpya. Na anayeieleza aina mpya ndiye anayeipa jina."

"Enhe."

"Nitaipa jina la Don Fidencio. La marehemu mumeo. Leocadio ameniambia alivyokuwa akiipenda."

Tortila, ile chapati ya mahindi, iliyokuwa kwenye kikaango cha udongo ilianza kutoa moshi. Hakuna aliyeigeuza. Doña Eufemia alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine, kisha ndipo akamtazama.

"Sikiliza, binti. Umekuja hapa kwangu, nimekupa kitanda, nimekupa chakula. Nimekunyima nini?"

"Hujaninyima kitu, mama."

"Basi na mimi nakuomba kimoja. Pima miti yote ya bonde hili, ipime mpaka uchoke. Ule uache. Na jina la mume wangu usilitundike pale."

"Nilidhani utafurahi."

"Ulidhani." Mama aliichomoa ile tortila iliyoungua akamtupia kuku mlangoni. "Na hiyo ndiyo shida ya nyinyi mliosoma. Mnapima mti, hammwulizi mwenye kuutazama."

Zenaida alitoka jikoni machozi yakimlenga. Hakulia. Alichukua ule ufito mrefu wenye kikapu kidogo kichwani, ule wanaochumia matunda ya kaktasi, akapanda kilima kwa hasira.

* * *

Mgeni alikuwa amesimama peke yake juu ya kilima, mrefu kuliko mnara wa kanisa la kijiji, mikono yake ikichipuka karibu na chini na kupanda juu wima. Kaktasi nyingine za bondeni zilikuwa maelfu, zimejazana kila mteremko, na kila moja Zenaida aliijua kwa jina lake la kitabuni na la sokoni. Huyu alikuwa mmoja tu. Alikuwa amezunguka magenge yote akimtafutia ndugu, akarudi na mikwaruzo tu.

Na hapo ndipo profesa alipokuwa akimkaba. Mmea mmoja, alimwambia, hauwezi kuitwa aina. Niletee wa pili, au niletee tunda lenye mbegu hai. Vinginevyo ni chotara, na makala yako iweke kabatini.

Tunda lilikuwa halipo. Kila mwaka wakati kama huu Mgeni alitoa maua, meupe, mazito, yaliyofunguka usiku yakingoja popo na kujifunga jua likipanda. Kisha yakanyauka na kudondoka. Hakuna mtu San Isidro aliyewahi kuonja tunda lake.

Zenaida alinyoosha ufito wake akaliangusha ua moja kikapuni. Lilikuwa bado wazi nusu, lina harufu ya tikiti lililoiva kupita kiasi. Alilichana kwa kisu, akatazama ndani kwa lenzi yake. Kila kitu kilikuwa mahali pake, dume na jike, chavua tele. Mmea mzima, wenye afya, usiozaa. Alihisi uchungu ambao haukuwa wa kisayansi hata kidogo.

"Daktari wa miiba!"

Zenaida aligeuka. Angeijua sauti ile hata katikati ya soko la Jumapili. Leocadio alikuwa akipanda mteremko amebeba kitu kirefu begani, kimefungwa gunia na kamba, na alikuwa akicheka kwa macho kabla mdomo haujaanza, kama ilivyo kawaida yake. Vumbi la safari lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Zenaida alitaka kuinuka amkimbilie. Akabaki amekaa, kwa sababu mwanamke naye ana heshima yake.

"Umechelewa," alisema. "Nilishaanza kumtazama yule muuza chumvi."

"Yule mwenye meno ya dhahabu?"

"Anajua kufika kwa wakati."

"Mimi nimetoka Barranca Honda, mwenzangu. Gari, lori, punda, miguu. Mama yako mdogo Jacinta amenishikia ngazi huku akinitukana, eti nakata mkono kama nakata kucha." Alishusha mzigo wake taratibu, akapiga magoti mbele ya Zenaida, akamshika vidole. Viganja vyake vilikuwa vimejaa vijiba vya miiba. "Lakini nimeuleta. Mkono wa kaktasi wa uzio wa kwenu. Sasa wewe ni wangu, hakuna wa kusema kitu."

"Mama yako anasema."

Kicheko kikapungua machoni. "Mama tutakwenda naye polepole. Tusimsukume."

"Kila siku unasema hivyo."

"Zena. Leo usinigombeze. Fungua kwanza uone."

Alifungua kamba mwenyewe, maana hakuweza kungoja. Gunia lilipoanguka, Zenaida alitazama, akasahau ugomvi. Aliinama. Alipitisha kidole kwenye mbavu: chache, pana. Miiba ya chini imepukutika, ya juu bado myeupe. Karibu na ncha kulikuwa na chipukizi la ua, na shingoni mwake yale manyoya ya dhahabu.

"Huyu ni..."

"Mgeni!" Leocadio alipiga mapaja. "Nilipofika kwenye ule uzio nilicheka peke yangu kama kichaa. Uzio mzima, Zena! Na ukiingia korongoni nyuma ya nyumba ya bibi yako wamejaa, wakubwa kwa wadogo. Wewe unamtafuta huku magengeni unachubuka magoti, kumbe yuko kwenu!"

"Mama alihamia mjini kabla sijazaliwa. Sijawahi kukanyaga kule."

"Na bado. Shika."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Lilikuwa tunda, dogo, limepondeka kidogo. Zenaida alilipasua kwa kisu, na ndani kulikuwa kwekundu, kumejaa mbegu nyeusi zinazong'aa. Mbegu hai. Alizitazama kwa lenzi, akazitazama tena, kisha akamrukia Leocadio shingoni wakaanguka wote vumbini.

"Si chotara!" alipiga kelele. "Chotara hazai hivi! Ni aina, Leocadio, ni aina kamili, ina kwao, ina watoto! Profesa atakosa la kusema!"

Alimbusu. Alimbusu mdomoni, kwenye vumbi la kope, kwenye sikio. Kwa dakika chache hapakuwa na mama wala profesa wala kitu kingine duniani, ila joto la shingo ya mwanamume aliyepanda punda kwa ajili yake.

Kisha, akiwa bado kifuani pake, akili yake ile isiyojua kupumzika ikaanza kazi.

"Barranca Honda ni mbali," alisema.

"Kaulize mgongo wangu."

"Milima miwili katikati. Popo hawezi kuleta mbegu kutoka kule. Na kama angeleta, zingeota nyingi, ovyo, kwenye nyufa za miamba. Kwa nini ameota mmoja?" Aliinuka. "Ndiyo maana hazai. Ua la kaktasi kama hizi halikubali chavua ya mmea wake wenyewe. Linataka ya mwingine. Na huyu hana mwingine."

Alienda kwenye shina la Mgeni akainama kati ya mikono yake, bila kujali miiba. Pale chini kulikuwa na mawe ambayo siku zote aliyachukulia kuwa yameporomoka tu. Leo aliyatazama vizuri. Yalikuwa yamepangwa. Yamezunguka shina, moja baada ya jingine, kama watu wanavyopanga wanapotaka maji yasikimbie.

"Nani aliyaweka haya?"

Leocadio alijikuna kisogo. "Baba, nadhani. Alikuwa anapenda kukaa hapa Jumapili. Akitoka kanisani hapiti nyumbani, anakuja hapa na kofia yake. Sisi tulijua anakimbia kelele zetu."

"Leocadio. Huku kwenu mtu hupanda mkono wa kaktasi kwa sababu gani?"

Leocadio aliutazama mzigo wake. Jibu lilikuwa limelala vumbini katikati yao juu ya gunia. Katika mabonde yale yote mwanamume akikubaliwa posa hukata mkono kwenye uzio wa mama wa msichana kwa panga lake mwenyewe. Huupanda mlangoni kwake, mahali bibi harusi atakapoishi. Na uchumba ukivunjika, yule yule aliyeukata huurudisha kwa mikono yake, mchana, watu wakiona. Asipourudisha, msichana bado ni wake. Hakuna mwingine atakayebisha hodi.

"Labda kuna maelezo mengine," alisema Leocadio.

Kilima kile ndicho mahali pekee pa San Isidro simu iliposhika mtandao. Zenaida alitoa yake akapiga.

"Mwanangu!" Sauti ya mama yake, Otilia, ilikuja na kelele za barabara ya mjini nyuma yake. "Kijana amefika salama na mkono?"

"Amefika, mama. Nataka nikuulize kitu. Uzio wa bibi uliwahi kukatwa mkono kwa ajili yako, kabla ya huu?"

Kelele za barabara ziliendelea.  Zenaida alisikia mlango ukifungwa, na kelele zikakatika.

"Umeuona wapi?" aliuliza Otilia.

"Niko nao hapa mbele yangu. Ni mrefu kuliko kanisa. Umetoa maua."

Kilichosikika baada ya hapo kilikuwa pumzi ya mtu aliyeshika mdomo wake kwa kiganja.

"Kumbe aliupanda," alisema mama yake. "Yesu wangu. Miaka yote hiyo nilijua aliutupa korongoni."

"Mama, ulijua Leocadio ni mtoto wake?"

"Uliponitajia jina la kijiji na la baba yake, nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia nini? Usimpende? Wewe ulikuwa umeshazama." Otilia alipenga kamasi. "Fidencio alikuja nyumbani na mkate na chokoleti na bata mzinga, kila kitu sawasawa. Akakata mkono. Nikamwambia nenda ukaupande, nakuja. Akasema lazima kidonda kikauke kwanza, mkono mbichi ukipandwa unaoza. Ni kweli, unaoza. Nikangoja kidonda kikauke. Nikasikia ameoa."

"Na hakuurudisha."

"Hakuurudisha. Kwa hiyo wanaume wa kwetu wakawa wananipita njiani kama mke wa mtu. Ilibidi nihame mjini, ambako hakuna anayejua habari za uzio, ndipo baba yako akanipata, na mimi ujana umeshakwisha. Sikuchukia, mwanangu. Nilichoka tu. Na kijana wako aliponipigia simu kuomba ruhusa ya kukata, nilijiambia, acha akate. Huenda huyu atapanda."

Zenaida alikata simu. Leocadio alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini ulimtosha. Alikuwa ameufunga tena ule mkono ndani ya gunia, kamba akiizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Alimpenda mama yako," alisema.

"Alimwacha mama yangu."

"Mimi si yeye, Zena."

Zenaida alimtazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane mapenzi yale yalikuwa na woga ndani yake.

"Twende nyumbani," alisema.

* * *

Doña Eufemia alikuwa mlangoni akichambua maharage kwenye sinia. Aliona gunia, akaona nyuso zao, akaweka sinia chini.

"Ndio huo mkono wa kwao?"

"Ndio, mama," alisema Leocadio.

"Hebu niuone. Nijue na mimi ninaletewa nini mlangoni kwangu."

"Mama, tungekula kwanza. Nimetoka safari."

"Nimesema niuone."

Leocadio alisimama tu, kwa hiyo Zenaida ndiye aliyelifungua gunia. Doña Eufemia aliinama kidogo, mikono kiunoni, kama anayekagua mboga sokoni. Kisha rangi ikamtoka. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mwimo wa mlango.

"Huu umetoka wapi?"

"Barranca Honda," alisema Zenaida.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Otilia."

Jogoo mwenye chongo aliwika. Doña Eufemia alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Otilia. Nimempikia binti wa Otilia supu ya kuku. Nimemtandikia kitanda." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, katika mabonde yote haya, katika wasichana wote wenye uzio kwao!"

"Mama, sikujua. Yeye mwenyewe hakujua."

"Nani alijua? Mimi nilijua! Nilijua tangu nilipoingia nyumba hii. Ulikuwa hapo, mkono wa mwanamke mwingine, umesimama kivulini nyuma ya jiko, haukupandwa wala haukurudishwa. Nikamwuliza nini hiki? Akaniambia kaktasi tu. Siku moja nikarudi kutoka kisimani sikuukuta. Nikatazama juu nikauona kilimani." Alinyoosha mkono kuelekea kule. "Nimezaa watoto wa mtu yule. Nimemfulia, nimemuuguza, nimemzika. Na kila nikichungulia dirishani naambiwa kwamba ameahidi kwingine."

"Ungeukata, Doña Eufemia," Zenaida alisema polepole. "Hakuna ambaye angekulaumu."

"Mkono wa mwanamke mwingine? Mimi si wa kuugusa. Aliyeukata ndiye wa kuurudisha. Nilimwambia mara ngapi! Fidencio, urudishe, acha binti wa watu awe huru na mimi niwe mke. Akawa anavaa kofia anapanda kilima." Alijifuta uso kwa aproni. "Na wewe leo asubuhi unaniambia utaupa jina lake. Nilitamani nikumwagie ndoo."

"Nisamehe, mama. Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

Mama alimtazama, na huenda katika ule mtazamo kulikuwa na kitu kilichoanza kulegea. Lakini alitikisa kichwa.

"Huwezi kuupanda hapa," alisema. "Mmoja ulinitosha. Leocadio, funga gunia lako."

Wanawake wote wawili wakamgeukia Leocadio. Alikuwa amesimama katikati yao na kamba mkononi, mwanamume mwenye mabega mapana kama mlango, na uso wa mtoto aliyevunja chungu. Zenaida alimpenda sana wakati ule. Alimpenda na akamwogopa.

"Sikilizeni," alisema Leocadio. "Hakuna haja ya kuamua leo. Mkono wenyewe bado mbichi, tukiupanda utaoza. Tuuweke tu kivulini nyuma ya jiko. Kidonda kikauke kwanza. Halafu tutaona."

Zenaida alimsogelea, jua likiwa utosini.

"Umesemaje?" aliuliza.

"Nimesema kidonda kikauke. Kila mtu anajua."

"Baba yako alimwambia mama yangu maneno hayo hayo. Kwenye uzio ule ule." Alijaribu kuishikilia sauti yake isivunjike, ikavunjika. "Leocadio, nakupenda. Nakupenda mpaka najiona mjinga. Lakini mimi sitakaa mjini nasikilizia mlango. Chukua koleo uupande sasa hivi, uoze tukiwa wawili tukiutazama. Au unirudishie hapa, mkononi, mchana, mama yako akiona, na mimi nitapanda gari niondoke nikiwa mtu huru. Lolote kati ya hayo nitalivumilia. Ila usinifiche kilimani."

"Zena, tafadhali. Nipe muda nizungumze na mama."

"Mama yako huyu hapa. Zungumza."

Leocadio alifungua mdomo. Alimtazama mama yake, akamtazama Zenaida.  Mikono yake ikaanza, yenyewe, kuuinua ule mkono wa kaktasi kutoka ardhini, na Zenaida hakujua kama anauinua ili ampe au ili aupeleke nyuma ya jiko. Na alitambua, kwa uchungu uliomkata pumzi, kwamba hata Leocadio mwenyewe hajui.

Alinyoosha mikono aupokee. Miiba ilimchoma viganjani.

"Subiri," alisema Doña Eufemia.

Alikuwa hamtazami Zenaida. Alikuwa akimtazama mwanawe kama mtu anayemwona mgonjwa ambaye alidhani alishapona.

"Unajua nani alimfundisha baba yako maneno yale?" aliuliza. "Ya kidonda kikauke?"

"Sijui, mama."

"Mama yake. Bibi yako, Mungu amrehemu. Alikuwa amekaa hapa hapa nilipokaa mimi, sinia ya maharage mapajani. Hakumkatalia. Kabla hajaenda kuukata alimwambia tu auweke kivulini kidonda kikauke, halafu wataona. Alinisimulia mwenyewe uzeeni, akicheka, akidhani ananifurahisha. Kwamba ndivyo alivyonipatia mimi mume." Alimsogelea mwanawe hatua moja. "Na wewe hujawahi kuyasikia kwa mtu. Umeyatoa wapi? Umeyatoa kwangu. Kwa kuniogopa mimi."

"Mama, sikuogopi."

"Unaniogopa. Na mimi nilikuwa karibu kukuacha uyarudie ya baba yako."

Aliingia jikoni. Walimsikia akiburuta kitu. Alipotoka alikuwa ameshika ndoo ya chokaa. Akachuchumaa kwa shida, akamnyang'anya Zenaida ule mkono bila kuomba, akaulaza kwenye aproni, kidonda juu. Kilikuwa kibichi, cheupe, bado kinatoka maji. Akachota chokaa kwa kiganja akakipaka, akikandamiza kila upande, mpaka hakuna pabichi palipobaki.

"Ukipaka chokaa hauozi," alisema. "Hakuna cha kungoja kidonda. Kila mwanamke wa bonde hili anajua hivyo. Hata mama mkwe wangu alijua."

Leocadio alikuwa analia waziwazi. Zenaida alipiga magoti kando ya mama, asijue kama anaruhusiwa kumgusa.

"Na wa kilimani, Doña Eufemia?"

"Mwambie mama yako aje autazame, aamue mwenyewe. Akitaka kuukata, nitamshikia ngazi. Akitaka kukaa chini yake alie, akae. Mimi nimechoka kuulinda peke yangu." Aliendelea kukandamiza chokaa. "Na hilo jina lako la vitabuni, usiupe la mwanamume. Uupe la mahali ulikotoka. Mgeni naye ana kwao."

"Nitauita kwa jina la Barranca Honda, mama."

"Haya."

"Mama, tuupande wapi?" Leocadio aliuliza. Alikuwa ameshachukua koleo, na sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikuyumba. "Pale karibu na kisima? Usikuudhi ukipita."

Doña Eufemia alijiinua akishikilia bega la Zenaida, na alipokwisha kusimama hakuliachia. Akaonyesha kwa kidole cheupe cha chokaa, hatua chache tu kutoka kizingiti chake.

"Hapa," alisema. "Ule niliutazama kwa mbali maisha yangu yote. Huu nataka niutazame kwa karibu. Chimba."